Habari za Mtego wa Hema, na Jinsi Mbu wa Dar es Salaam Walivyohesabiwa

Mbagala imekaa kati ya mito miwili, Kizinga upande wa mjini na Mzinga upande wa kusini, na yote miwili humwaga maji yake katika hori la bandari. Atokaye mjini kwa njia ya Kilwa hupita Kurasini, kisha Mtoni, ndipo afikapo kwetu. Mabonde ya mito hiyo ni mazuri kwa bustani za mchicha na matembele, na kwa sababu iyo hiyo ni mazuri kwa mbu. Kila mwenye nyumba hapa ajua ya kwamba jua likitua haifai kukaa barazani pasipo kupiga miguu kwa khanga au kwa jani.

Tena mbu hawa si wa kabila moja. Wako wanaozaliwa katika maji machafu ya vyoo vya shimo na mitaro iliyoziba. Hao ndio wengi, ndio wenye kelele masikioni, nao huweza kueneza ugonjwa wa matende. Wako na wengine, Anofelesi, wapendao maji yaliyo safi kidogo na yapigwayo na jua: vidimbwi katikati ya matuta, nyayo za ng'ombe, alama za magurudumu ya magari baada ya mvua. Hao hawapigi kelele nyingi, nao hutua wameinua nyuma yao juu kama mtu aliyeinama. Na ndio waletao malaria. Mwalimu awezaye kuwaonyesha watoto tofauti hiyo ukutani kwa macho tu amewafundisha jambo kubwa.

Habari nitakayoieleza hapa ni ya chombo kimoja kilichofanyizwa katika nchi yetu kwa turubai, chandarua na vijiti vya kusimamishia, kikajaribiwa, kikaonekana kina upungufu, kikashonwa upya, kikajaribiwa tena. Na sehemu kubwa ya majaribio hayo yalifanywa katika mji huu wa Dar es Salaam. Watu wengi waliolala karibu nacho usiku hawakujua maana yake. Nadhani yastahili kuandikwa pamoja na habari nyingine za miaka iliyopita, hasa kwa kuwa asili ya nyumba kilimotoka inagusa habari za misioni yetu wenyewe.

Tangu mwaka wa 1897, Ronald Ross alipoona vijidudu vya malaria katika tumbo la mbu huko Bara Hindi, ilijulikana ya kuwa mwenye kutaka kupunguza homa hiyo anayo njia ya kupunguza mbu. Katika Dar es Salaam Wajerumani walishika kwanza njia nyingine: mwaka wa 1901 walianza kupima damu za watu kwa hadubini na kuwagawia kwinini. Baadaye zikaja kazi za kuchimba mifereji na kufukia madimbwi, na kati ya mwaka wa 1988 na 1996 serikali ya Japani ilisaidia kazi ya kupambana na mbu wa Dar es Salaam na Tanga. Mwaka wa 2004 ikaanzishwa kazi mpya ya mji mzima, iliyosimamiwa na Halmashauri ya Jiji. Ilishika kata 15, tano kwa kila wilaya ya wakati ule, yaani Ilala, Kinondoni na Temeke, nazo zilikuwa na watu wapata 600,000. Upande wetu wa Temeke, Kurasini na Mtoni zilikuwamo. Mbagala, iliyo ng'ambo tu, haikuwamo. Mwaka wa 2006 wakaanza kutia katika maji dawa iuayo viluwiluwi, iliyotengenezwa kwa bakteria, katika kata tatu kwanza: Buguruni, Kurasini na Mikocheni.

Hapo ndipo swali gumu lilipotokea. Mtu akitia dawa katika madimbwi elfu, ajuaje kwamba mbu wamepungua? Kuwauliza watu hakutoshi, maana watu huhesabu kelele, na wenye kelele siyo waletao malaria. Huenda mbu wa vyoo wakabaki wengi vile vile, watu wakanung'unika ya kwamba kazi haifai, kumbe Anofelesi wamekwisha. Au huenda ikawa kinyume chake. Hapana budi kuwakamata na kuwahesabu, kabila kwa kabila, mwezi kwa mwezi, mtaa kwa mtaa.

Basi njia iliyoaminiwa kuliko zote tangu zamani ilikuwa hii. Mtu huketi kitini tangu saa kumi na mbili jioni hata saa kumi na mbili alfajiri, amekunja suruali mpaka magotini, miguu iko wazi. Mkononi ana tochi na kimrija cha kioo chenye mpira. Mbu akitua mguuni, kabla hajauma, humwangaza na kumvuta kwa pumzi ya kinywa, kisha humpuliza katika kikombe kilichofunikwa kwa wavu. Kwa kila saa hufanya hivyo dakika nyingi, akapumzika kidogo, akaendelea. Kwa maneno mengine, mtu mwenyewe ndiye chambo.

Njia hii ina sifa moja ambayo hakuna aiwezaye kuikana: yapima jambo lile lile tulitakalo, yaani mbu wangapi humjia mtu. Lakini yachosha mno. Mtu aliyesinzia saa tisa ya usiku huandika mbu wachache kuliko waliokuja, na walio wepesi wa mkono hukamata kuliko wazito. Tena kuna jambo la haki. Watu hao hupewa dawa ya kuzuia malaria, na ni kweli kwamba uchunguzi mmoja wa magharibi ya Kenya, uliochapishwa mwaka wa 2013, ulionyesha ya kuwa wakamataji waliopewa dawa waliugua malaria kidogo kuliko majirani zao wasiofanya kazi hiyo. Hilo lapasa kusemwa, ili tusiwalaumu bure walioitumia. Walakini dawa ya malaria haizuii matende, wala haizuii homa nyingine ziletwazo na mbu. Na hata kama ingezuia zote, ni vigumu kuona jinsi mji wa mamilioni utakavyochunguzwa kila mwezi kwa kuketisha watu nje usiku kucha na miguu wazi.

Mitego mingine ilikuwako. Upo mtego wa taa, ulio na kitaa kidogo na pangaboi la betri, hutundikwa karibu na kitanda chenye chandarua. Mbu aliyekosa njia ya kumfikia mlalaji huvutwa na taa, kisha pangaboi humnyonya. Mashambani umefanya kazi nyingi. Ipo mitego ya dirishani ya kuwanasa watokao nyumbani, na visanduku vyeusi vya kuwavutia wapumzikao mchana. Mjini Dar es Salaam vyote hivi vilileta mbu wachache mno. Sababu moja ilifahamika mwaka wa 2007, ilipochapishwa taarifa ya kwamba Anofelesi wa mji huu huuma sana nje ya nyumba. Mtego uliotundikwa chumbani utamwonaje mbu aliyekwisha kula barazani?

Sasa yafaa tuende Ifakara, katika bonde la Kilombero, maana ndiko hema hili lilikotoka. Wazee wakumbuka ya kuwa nchi ile ilikuwa moja na kwetu: Wakapuchini wa Uswisi waliofika mwaka wa 1921 walikuwa na Dar es Salaam na Ifakara chini ya askofu mmoja, na hata zamani za Askofu Mkuu Edgar Maranta mambo yalikuwa hivyo. Jimbo la Mahenge lilitengwa mwaka wa 1964, na Ifakara ikawa jimbo lake yenyewe mwaka wa 2012. Hospitali ya misioni pale Ifakara ilimvuta mtaalamu wa wadudu wa Basel, Rudolf Geigy, aliyefika mara ya kwanza mwaka wa 1949, na mwaka wa 1957 akafungua hapo maabara ndogo. Maabara ile ilikua, ikashikwa na Watanzania, nayo leo ndiyo Taasisi ya Afya ya Ifakara, yenye nyumba pia Mikocheni mjini Dar es Salaam. Sidhani mapadre wale walipompokea mgeni wao walidhani ya kwamba baada ya miaka hamsini wajukuu wa kazi yake wangekuwa wakishona mahema.

Wazo la kumlaza mtu ndani ya mtego akiwa salama lilikuwa limekwisha kujaribiwa. Huko Mbita, pwani ya Ziwa Viktoria katika Kenya, walishona chandarua chenye umbo la pia lililogeuzwa, mtu analala chini, mbu huingia juu wakapotea njia ya kutoka. Taarifa yake ilitoka mwaka wa 2002. Pale Kenya ilionekana chema. Kilipojaribiwa Madagaska hakikufaa kitu. Kule Furvela katika Msumbiji walimlaza mtu hemani, wakaweka kinyonyaji cha betri mlangoni. Kila mmoja alikuwa na sehemu ya jibu.

Wataalamu wa Ifakara, miongoni mwao N. J. Govella na G. F. Killeen, walichukua turubai, wakafanya hema la umbo la sanduku, la kutosha mtu mmoja kulala. Ubavuni wakatia matundu yenye vifaneli vya wavu, vipana kwa nje na vyembamba kwa ndani. Msomaji wa pwani hahitaji maelezo mengi hapa: ni mdomo wa dema. Samaki huingia kwa kufuata chambo, njia ikimwongoza pole pole mpaka ndani. Akitaka kutoka huzunguka pembezoni, kumbe tundu liko katikati, wala halioni. Mbu naye hufuata pumzi na harufu ya mtu, hupita katika fanelini, kisha hupapatika kwenye pembe za turubai hata asubuhi. Chombo hakina betri, hakina taa, hakina hewa ya kununua. Mtu wa cherehani aweza kukishona.

Majaribio ya kwanza yalifanywa Lupiro, kijiji kilichozungukwa na mashamba ya mpunga, ambako mbu ni wengi kupita kiasi. Na hapa napenda kukawia kidogo, kwa kuwa namna ya kujaribu ni sehemu ya chombo chenyewe kama vile turubai lilivyo. Mtu asiyejua angeliweka hema huku, mkamataji kule, akahesabu usiku mmoja, akasema mshindi ni huyu. Hayo yasingekuwa majaribio. Watu hawana harufu moja: mwaka wa 1995 ilichapishwa taarifa ya majaribio ya hapa hapa Tanzania yaliyoonyesha ya kwamba watu waliolala katika mahema mbalimbali huvutia mbu kwa kiasi mbalimbali. Tena nyumba iliyo karibu na mpunga si sawa na iliyo mbali, na usiku wa mvua si sawa na usiku wa upepo. Kwa hiyo mitego huzungushwa, na watu huzungushwa, usiku baada ya usiku, hata kila mtego uwe umekaa kila mahali. Ndipo hesabu hujumlishwa. Ni kazi ya majuma mengi, na aliyekosa subira aharibu yote.

Jambo la pili lililotafutwa lilikuwa kubwa zaidi ya wingi. Tuseme muuzaji ana pishi iliyopungua, haijai vibaba vinne. Ikiwa hupungua kiasi kile kile kila siku, mnunuzi mwerevu aweza kuitumia. Hujua tu ya kuwa pishi kumi za huyu ni tisa za wengine. Lakini pishi inayopungua mno siku ya wateja wengi, na kujaa siku ya wateja wachache, hiyo ndiyo idanganyayo. Mtego wa mbu ni vivyo hivyo. Ukikamata nusu ya mbu wote, sawa. Ukikamata robo, sawa pia. Mradi robo iwe robo, mbu wakiwa wengi au wachache. Kwa sababu hiyo chombo kilichofaa katika mpunga wa Lupiro hakikuweza kuaminiwa mjini mpaka kijaribiwe mjini, ambako Anofelesi ni wachache na usiku mwingi hupita asionekane hata mmoja.

Hema la kwanza, waliloliita kwa herufi A, lilionyesha kwamba wazo lafaa. La pili, B, lilichapishiwa habari zake mwaka wa 2009, nalo ndilo lililoletwa Dar es Salaam kushindana na watu wenye miguu wazi, mitego ya taa, ya madirishani, na visanduku. Likawa ndilo pekee lililoweza kukaribia kazi ya mtu. Visanduku karibu havikupata kitu.

Lakini B lilikuwa na kasoro, tena katika jambo lile lile lililolifanya litafutwe. Halikumkinga aliye ndani kabisa: mbu waliokwisha kunaswa walikuwa bado na nafasi ya kumfikia. Yaani walikuwa wamemtoa mtu kitini nje wakamwingiza ndani pamoja na mbu wachache waliofungwa naye. Wangeweza kunyamaza na kusema ya kuwa kuumwa kidogo ni bora kuliko kuumwa sana, na chombo kilikwisha kusifiwa. Hawakunyamaza. Walishona la tatu, C, lenye kitambaa cha wavu kiwatengacho mbu na mtu, hata mlalaji asiguswe. Likarudishwa kupimwa tena, mashambani na mjini pia, kana kwamba ni chombo kigeni. Maana kila ushonapo wavu mpya waweza kuzuia harufu, au kubadili njia ya mbu, na lililookoa mtu laweza kuharibu hesabu. Taarifa ya C ilitoka mwaka wa 2010, na neno kuu katika kichwa chake lilikuwa kwamba chombo hakimhatarishi mtu. Mimi naona katika habari yote hii hatua ya B hata C ndiyo inayostahili heshima, ijapokuwa ndiyo fupi kuieleza.

Kisha lilikuja jaribio ambalo maabara haiwezi kulifanya. Mahema yakatolewa mikononi mwa wataalamu, wakapewa watu wa mitaa yenyewe: wakazi wa kawaida waliofundishwa, kila mmoja akiwa na sehemu zake za kulala kwa zamu, akikusanya mbu asubuhi na kuwapeleka. Aliyesimamia kuandika habari hizi ni P. P. Chaki pamoja na wenzake, na taarifa ilichapishwa mwaka wa 2012. Pamoja na hao liliwekwa kundi lingine dogo lililopita katika baadhi ya mahali pale pale, likikamata kwa njia ya zamani ya miguu, ili kuwapima wenye mahema.

Hesabu ilishuka. Hema lililokaribia kazi ya mtu lilipokuwa mbele ya macho ya wenye kulibuni, mtaani lilileta sehemu ndogo tu ya Anofelesi waliokamatwa na kundi la ukaguzi. Si vigumu kwa mtu aishiye uswahilini kufikiri sababu ziwezazo kuwako. Uwanja ni mwembamba, hema limebanwa kati ya ukuta na kamba ya nguo. Mvua imenyesha, turubai limelegea. Mlalaji ana mtoto mgonjwa, ameingia hemani saa sita badala ya saa moja. Hakuna mtu asimamaye nje na tochi kumwangalia, wala haifai awepo, maana faida yote ya chombo ilikuwa kwamba hakihitaji msimamizi.

Walakini pishi ile ilikuwa pishi. Kwa kuwa gharama ya usiku mmoja wa hema ilikuwa ndogo, ziliwezekana siku nyingi na mahali pengi mno kuliko njia ya miguu. Na hesabu za mitaa, ijapokuwa ndogo, zilifuatana na hali ya ugonjwa: mahali ambapo mahema yalipata Anofelesi zaidi ndipo watu walipoonekana na vijidudu vya malaria zaidi katika damu. Kwa mara ya kwanza mji mkubwa wa nchi hii uliweza kutazamwa mtaa kwa mtaa, tena na wakazi wake. Wako waliosoma taarifa ile wakaona kushindwa kwa hema. Nadhani walipima kwa kipimo kisichokuwa chake.

Kazi haikuishia hapo, na hema lenyewe halikubaki mwisho wa njia. Mwaka wa 2013 ilichapishwa habari ya vyavu vya umeme vilivyojaribiwa Dar es Salaam, viuavyo mbu kabla hawajatua juu ya mtu. Mwaka wa 2015 ikafuata habari ya mtego wa namna hiyo uliotengenezwa makusudi. Mwaka wa 2019 wana-Ifakara walitoa habari za mtego mwingine mdogo, wa vyandarua viwili kimoja ndani ya kingine, ambamo mtu huketi salama, nao waweza kuchukuliwa mkononi toka nyumba hata nyumba. Hata hivyo mkamataji mwenye tochi na kimrija hajatoweka: kila mtego mpya uletwapo, yeye ndiye anayewekwa upande wa pili kuulinganisha.

Na huku kwetu, ng'ambo ya Kizinga, nyumba zimeongezeka tangu siku zile mpaka mabondeni, na kila masika madimbwi hujaa katikati ya matuta.